Mtapo, Mti Usiozaa Peke Yake

Katika pori la miombo karibu na Kolwezi hukua mmea mmoja ambao wapita njia wengi huuona bila kuutazama. Kwa mbali hufanana na mchikichi mdogo uliozama ardhini. Majani yake ni marefu na magumu, nayo yamepangwa kwa duara kama taji. Mtoto akiyashika bila kuangalia, atachomwa, kwa maana ncha zake ni kali kama sindano. Watu husema, “Huu ni mchikichi wa porini,” kisha huendelea na safari. Kumbe si mchikichi, wala hauna udugu na mchikichi hata kidogo.

Watu wa pwani ya bahari huuita mmea wa namna hii mtapo. Wataalamu wa mimea huiita jamii yake yote sikadi. Ndugu zake wa karibu zaidi si michikichi wala minazi, bali ni miti kama msonobari, ambayo haina maua wala matunda ya kweli. Mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda kama mbegu za embe au za papai. Hukaa wazi, juu ya magamba ya koni.

Ukoo huu ni wa zamani sana. Mawe yaliyochimbwa katika nchi mbalimbali yanaonyesha alama za majani ya sikadi zilizoishi kabla hakujakuwa na ua hata moja duniani, wala nyuki wa kulitembelea. Wanyama wale wakubwa wanaoitwa dinosauri walipita kati ya mimea ya ukoo huu. Dinosauri wamekwisha, lakini ukoo wa mtapo ungali hai. Leo zinajulikana aina zipatazo 350 katika nchi za joto.

Katika Afrika kuna aina 65 hivi za jamii moja ambayo haipatikani penginepo ulimwenguni. Mwaka 1834 Mjerumani mmoja, Lehmann, aliipa jamii hiyo jina la Encephalartos. Jina hilo ni la Kiyunani, na maana yake ni “mkate ndani ya kichwa”. Sababu ya jina hilo itaonekana baadaye.

Kongo imebarikiwa kuwa na aina kadhaa. Moja inaitwa Encephalartos poggei, kwa ukumbusho wa msafiri Mjerumani Paul Pogge, aliyefika Musumba kwa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, mwaka 1875. Nyingine hukua katika milima ya Marungu, nayo iliandikwa na wataalamu mwaka 1958. Ya tatu, iitwayo Encephalartos schmitzii, iliandikwa mwaka 1969. Hiyo hukua kusini-mashariki ya Katanga na ng’ambo ya mpaka katika Zambia. Na ya nne ndiyo ya Kolwezi yenyewe. Iliandikwa mwaka 1993 na François Malaisse na wenzake, wakati nchi ilipoitwa Zaire na jimbo likaitwa Shaba. Waliipa jina la Encephalartos schaijesii, kwa heshima ya mtu aliyeigundua, Michel Schaijes. Basi wachimbaji walikuwa wamekwisha kuchimba shaba huko kwa miaka mingi kabla mmea huo haujapata jina katika vitabu.

Inafaa sasa kuutazama mmea wenyewe, kuanzia chini kwenda juu.

Mizizi ya mtapo hufanya kazi tatu. Iko mizizi inayonywa maji, kama ya mimea mingine. Iko mizizi inayojikunja na kulivuta shina ndani ya udongo kidogo kidogo, mwaka hata mwaka. Ndiyo maana mitapo mingi huonekana kama imezikwa nusu. Tena iko mizizi midogo isiyokwenda chini, bali hupanda juu karibu na uso wa nchi, nayo imevimba kama vidole vya tangawizi. Ndani ya mizizi hiyo huishi bakteria wadogo wa rangi ya kijani-samawati. Bakteria hao hutwaa nitrojeni katika hewa, huigeuza kuwa chakula cha mmea, na mtapo huwapa makao na sukari. Kila mkulima anajua ya kuwa maharagwe na karanga hurudishia shamba nguvu. Hayo nayo yana bakteria wa kazi hiyo katika mizizi yao. Hivyo mtapo huweza kuishi juu ya mawe na changarawe, mahali ambapo mahindi yangekauka kwa njaa.

Shina la mtapo wa Kolwezi ni fupi. Nje limevikwa mabaki ya majani ya zamani, yaliyoshikana kama vigae vya nyumba. Ndani si mbao ngumu, bali ni moyo mweupe uliojaa wanga. Wakati wa kiangazi moto hupita porini na kuteketeza majani makavu. Majani ya mtapo huungua pia, na mtu hudhani kwamba mmea umekufa. Lakini moyo wake umefichwa ndani ya mavazi yake magumu na ndani ya udongo. Baadaye taji jipya hutoka, majani yote pamoja kwa mara moja, laini na yenye rangi ya kupendeza. Baada ya majuma machache hukomaa na kuwa magumu kama ngozi.

Mtapo hauna haraka. Katika bustani ya Kew, huko London, umo mtapo mmoja ulioletwa kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1775. Umekaa ndani ya chungu kikubwa tangu wakati huo. Wafalme wamekufa, vita vimekuja na kupita, na mtapo ungali katika chungu chake. Katika muda huo wote inajulikana kwamba ulitoa koni mara moja tu, mwaka 1819. Shina lake hukua kwa kipimo cha vidole tu kila mwaka. Mtu akiukata mtapo mzee kwa panga, kazi yake ni ya dakika tano. Lakini alichokikata ni kazi ya miaka mia.

Sasa lifuatalo ni jambo la ajabu kuliko yote.

Katika mimea mingi, ua moja lina sehemu ya kiume na sehemu ya kike pamoja. Mtapo sivyo. Kila mtapo ni wa kiume au ni wa kike, kama vile wanyama na watu. Nao wote wawili wana shina lile lile, majani yale yale na miiba ile ile. Mtu hawezi kuwatambua mpaka siku watakapotoa koni, na siku hiyo huenda ikakawia miaka mingi.

Koni hutokea katikati ya taji la majani. Koni ya kiume ni nyembamba na ndefu kidogo. Magamba yake yakifunguka, hutoka unga mwepesi wa manjano unaoitwa chavua. Koni ya kike ni nene zaidi, mfano wa nanasi kubwa. Katika aina nyingine za Afrika ya Kusini koni moja ya kike huweza kupita kilo 30. Kila gamba la koni hiyo hubeba mbegu mbili changa, zikingojea chavua.

Nani atakayeibeba chavua kutoka mti wa kiume mpaka mti wa kike? Zamani wataalamu walidhani kwamba ni upepo. Walipochunguza vizuri zaidi, walikuta wachukuzi wengine: ni vidudu vidogo, jamaa za fukusi wale wanaotoboa mahindi ghalani. Vidudu hao hula na kuzaliana katika koni ya kiume. Saa fulani ya siku koni hupata joto yenyewe, ikapita joto la hewa iliyoizunguka, na kutoa harufu kali. Vidudu hutoka, wamejaa unga wa manjano mgongoni. Wengine hufuata harufu ya koni ya kike, hupenya katika nyufa za magamba, na kuiacha chavua ndani. Hawajui wamefanya kazi gani. Wao walitafuta chakula na makao tu. Lakini Muumba ameipanga njaa yao iwe msaada kwa mti.

Hata hapo kazi haijaisha. Chavua hukaa ndani ya mbegu changa kwa miezi kadhaa, ikikua polepole. Kisha hutoa chembe hai ya kiume yenye vinyweleo maelfu, nayo huogelea katika tone la maji mpaka kufika kwenye yai. Mwaka 1896 mtaalamu Mjapani, Ikeno Seiichiro, alikuwa mtu wa kwanza kuliona jambo hilo katika sikadi. Hakuna mmea mwingine ambao chembe zake za kiume ni kubwa kama hizo. Mwenye macho makali huweza kuziona kama nukta bila darubini.

Mbegu zikiiva, koni huvunjika. Kila mbegu imevaa ngozi yenye nyama, nyekundu au ya manjano. Hondohondo, nyani na tumbili huila nyama hiyo ya nje na kuitupa kokwa ngumu mbali na mti mama. Kokwa hulala chini miezi mingi ndipo huchipua. Hivyo mtapo mmoja mchanga, wenye jani moja tu, umehitaji baba, mama, mdudu, ndege na mvua. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Na mtapo mmoja hauzai.

Basi yafaa kufikiri juu ya mtu anayeona mtapo mzuri porini na kuutamani. Anauchimba kwa jembe, anaupakia katika baiskeli, anaupanda mbele ya nyumba yake. Huenda ukashika, kwa kuwa ni mmea mvumilivu. Tuseme ni wa kike. Baada ya miaka unatoa koni kubwa, na watu wanakuja kuitazama. Koni inavunjika, mbegu zinaanguka, nzuri na zenye rangi. Mwenye nyumba anazipanda zote. Anamwagilia maji mwaka mzima, wala hakuna hata moja inayoota. Kwa nini? Kwa sababu mtapo wa kike huweza kutoa mbegu hata kama haukupata chavua, lakini mbegu hizo ni tupu. Nje zimependeza, ndani hamna uhai. Na huko porini, mtapo wa kiume uliobaki hutoa unga wake wa manjano kila mara, na vidudu hawapati pa kuupeleka. Mtu yule alidhani ametwaa mmea mmoja. Kumbe ametwaa na watoto wote ambao ungewazaa.

Jambo hilo si hadithi ya kuwatisha watoto. Mwaka 1895, katika msitu wa Ngoye huko Natal, Afrika ya Kusini, John Medley Wood alikuta kichaka kimoja cha mtapo wa aina isiyojulikana. Ulikuwa wa kiume. Mwaka 1899 mmea mmoja wa aina hiyo ulifika Kew. Baadaye wengine walichukua machipukizi yake, na mwaka 1916 shina la mwisho liliondolewa msituni. Aina hiyo inaitwa Encephalartos woodii. Siku hizi bustani nyingi za dunia zina mti huo, lakini yote imetoka katika kichaka kile kimoja, na yote ni ya kiume. Watu wamemtafuta mwenzake wa kike kwa zaidi ya miaka mia. Katika miaka hii ya 2020 wametumia hata vyombo vidogo vya kuruka vyenye kamera. Hawajampata. Mti huo ni mzuri, ni maarufu, nao hauna mbegu.

Je, mtapo una faida gani kwa watu? Hapa ndipo linapoeleweka lile jina la “mkate ndani ya kichwa”. Mswidi Carl Peter Thunberg, aliyefika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1772, aliandika jinsi Wakhoikhoi walivyoutoa moyo wa shina, wakaufunga katika ngozi, wakauzika ardhini kwa majuma mengi, ndipo wakaukanda na kuuoka kama mkate. Katika pwani ya Kenya pia watu walitumia mitapo kama chakula cha wakati wa njaa, baada ya kazi ndefu ya kuisafisha.

Kazi hiyo ndefu ilikuwa na sababu. Mtapo una sumu katika mbegu, katika shina na katika majani. Mama wa Katanga haliletei jamaa yake bukari ya mihogo michungu kabla ya kuiloweka mihogo siku kadhaa na kuianika juani, maana anajua kwamba imo sumu inayopaswa kutoka kwanza. Sumu ya mtapo ni mbaya zaidi, nayo huharibu ini. Mwaka 1901, katika vita vya Makaburu na Waingereza, askari wa Jenerali Jan Smuts walipita na njaa katika milima ya Suurberg. Walikuta mitapo yenye mbegu, wakala. Muda si muda wengi walikuwa chini wakigaagaa kwa maumivu, na Smuts mwenyewe karibu afe. Walikuwa watu wazima, hodari wa vita, lakini mbegu nyekundu iliwaangusha. Kwa hiyo mtoto asizitie mbegu za mtapo kinywani, hata akiona nyani anakula. Nyani hula nyama ya nje na kuitupa kokwa, na kokwa ndiyo yenye sumu nyingi.

Leo hakuna mwenye haja ya kula mtapo. Faida yake ni nyingine. Hupamba bustani, hushika udongo wa mtelemko, hulisha ndege na vidudu wasio na makao mengine. Tena huwafundisha wenye elimu mambo ya dunia ya kale.

Lakini makao yake katika Lualaba yanapungua. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga kwa ajili ya shaba. Tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba. Shaba ya nchi hiyo imekuwa nyaya za umeme katika nyumba za mbali, na kobalti yake imo katika betri za simu na za motokaa. Baba wa watoto wengi wamepata mshahara wao, karo za shule na mkate wa nyumbani kutoka katika machimbo hayo. Hakuna mwenye akili awezaye kuidharau kazi yao. Lakini machimbo yakipanuka, kilima huondoka pamoja na vyote vilivyoota juu yake. Na kuzunguka mji, miombo hukatwa kwa ajili ya makaa ya kupikia. Mnyama akiona hatari hukimbia, mtapo haukimbii.

Je, yawezekana kuwa na kazi na kuwa na mtapo pia? Mifano iko. Huko Afrika ya Kusini, malkia wa Wabalobedu, waitwao Modjadji, walikataza watu kuiharibu mitapo ya mlima wao. Leo pana msitu mzima wa mitapo, wa kiume na wa kike, wazee na watoto. Huko Fungurume, katika jimbo la Lualaba lenyewe, wataalamu walikusanya mbegu na kuihamisha mimea ya pekee ya vilima vya shaba kabla ya vilima vingine kuchimbwa. Tena mataifa mengi yamefanya mkataba, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, nayo Kongo iliuingia mwaka 1976. Kwa mkataba huo mitapo yote ya jamii ya Encephalartos imo katika orodha ya viumbe vinavyolindwa kuliko vyote. Anayeichimba porini na kuiuza nchi za nje ni mwizi mbele ya sheria.

Sheria huandikwa mjini, bali mtapo uko porini, na anayepita karibu nao si hakimu. Anayepita ni mtoto anayechunga mbuzi, mama anayetafuta kuni, kijana anayekata miti ya makaa. Hao ndio walinzi wake wa kweli. Mungu alipompa mtu dunia hakumpa aile tu, bali aitunze pia. Kuutunza mtapo si kazi ngumu, wala hakuhitaji fedha. Mtu anayeukuta asiung’oe. Asiukate majani yake kwa mchezo. Akitaka kuwa nao nyumbani, aulize kwanza walio na ruhusa, naye apande mbegu, asichukue mti mzima. Akiona koni, atazame vizuri kama ni ya kiume au ya kike, kisha atafute kama mwenzake yupo karibu. Akimwona, na afurahi, kwa maana mahali hapo bado pana tumaini. Mitapo miwili iliyosimama pamoja juu ya mawe ina thamani kupita mia iliyotawanywa katika bustani mia.